Kuku wa Mgeni

Kwa siku kumi na mbili kuku yule alilala jikoni kwangu Mkolani, Mwanza, huku watu wawili wakiamini yuko kwingine. Bibi mmoja wa ng'ambo ya daraja la Busisi aliamini ameshaliwa. Mgeni wangu, mwanamke aliyekuja kutoka mbali, aliamini amerudishwa kwa bibi huyo. Mimi niliyewadanganya wote wawili ndiye niliyekuwa namtupia pumba kila asubuhi. Kila alipotaga akaanza kupiga kelele, nilikimbilia dirisha nikalifunga, utadhani sauti ile ingefika Busisi.

Kazi yangu ni kuwapeleka wageni majumbani mwa watu. Wapo wasafiri ambao wakishatosheka na simba wanataka kukaa na binadamu, wamenye mihogo, waulize watu wanavyoishi. Mimi ni Mhaya niliyekulia Mwanza, na Kisukuma nilikiokota utotoni kwa kucheza na wenzangu kule Mirongo, kwa hiyo nakaa katikati nikiwatafsiria. Kazi naipenda. Tatizo ni wasiwasi wangu. Unaanza tangu siku moja kabla ya safari: je, mgeni akicheka pasipochekwa? Akikataa uji? Akimkumbatia baba mkwe wa mtu? Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja uso, na mimi sibishi.

Mgeni huyu hakuwa wa kutia hofu hata kidogo. Alikuwa mwalimu mstaafu, mpole, anayeomba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mbuzi. Alikuwa na karatasi aliyopewa na waliomwandalia safari, imeandikwa mambo ambayo msafiri mwema anapaswa kuyazingatia: asiwapige watoto picha ovyo, asigawe pipi, asichukue kwa wenyeji kitu wanachokitegemea. Aliikunja mara nne akaiweka kwenye mkoba, na kila tulipofika mahali papya aliitoa akaisoma. Nilimpenda kwa hilo. Nilijua watu wa kwetu wachache sana ambao wangesoma karatasi kabla ya kumtembelea mtu.

Nilimpeleka kwa bibi ambaye sote tunamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Ni mjane, ana shamba la mihogo na mahindi na banda la kuku nyuma ya nyumba, umbali wa saa nzima hivi ukishavuka daraja la Busisi. Miaka minne nimekuwa nikimpelekea wageni, na amekuwa akinipokea kama mtoto aliyeolewa mbali. Asubuhi ile wawili hao walipukuchua mahindi mpaka vidole vya mgeni vikawa vyekundu. Mayu alimcheka, mgeni naye akajicheka. Kwa mara ya kwanza baada ya safari nyingi, sikuwa na wasiwasi.

Tulipoaga, mayu alizunguka nyuma ya nyumba. Tukasikia purukushani. Akarudi na tetea mwekundu mwenye shingo isiyo na manyoya, miguu imefungwa kwa kipande cha kanga, akamkabidhi mgeni kwa mikono miwili.

"Mboga yake hiyo," akaniambia. "Mwambie akamle na watu wake."

Mgeni akampokea. Nilimtafsiria, akashukuru kwa Kisukuma kama nilivyomfundisha, "Wabeja, mayu," na mayu akapiga vigelegele. Ndani ya gari, nyuma ya dereva wetu, alimpakata kuku. Tulipokaribia daraja akauliza kama kuku huyu anataga. Nikasema anataga sana, nikidhani namsifia zawadi.

Mlangoni pa hoteli yake, mjini, alinikabidhi kuku.

"Siwezi kumla," alisema. "Huyu ni mayai ya yule mama. Tafadhali mrudishie, mwambie moyo wake nimeuona na unanitosha."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilitakiwa kumwambia kwamba kwetu kuku wa mgeni harudi. Ukimrudisha umesema hutaki undugu na mwenye nyumba, au, baya zaidi, umesema umemwona hana kitu. Lakini kuna mgeni mmoja wa nyuma aliyewahi kuandika mtandaoni, watu wote wasome, kwamba mimi ni mwenyeji mzuri ila nafundisha kupita kiasi. Maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa sato. Nikatabasamu.

"Wazo zuri," nikasema. Na hilo ndilo kosa langu, mengine yote ni watoto wake.

Kumrudisha sikuweza. Kila nikifikiria kusimama uani kwa mayu na kuku yule mkononi, nilihisi uso unawaka. Nikampeleka nyumbani. Mgeni akaenda zake mbugani, na siku ya tatu akaniandikia ujumbe: je, mama alifurahi? Nikajibu alifurahi sana. Mchana huohuo simu ikaita tena, safari hii ni mayu kwenye kitochi chake, anapiga kelele kama kawaida yake kana kwamba ziwa lote liko katikati yetu.

"Mgeni wangu kamla kuku? Kasemaje?"

"Kamla, mayu. Kasema mtamu, hajawahi kula kama huyo."

Akacheka kwa furaha mpaka nikaona haya. Nilikata simu, nikaenda jikoni, nikakuta yai jingine. Nililikaanga nikalila. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Naona nilishajiona nimekwisha kuwa mwizi, basi nikamalizia.

Nilijifariji kwamba mgeni atapanda ndege na mambo yataisha. Siku ya kumi na moja akanipigia: amerudi Mwanza, na kabla hajaondoka anataka kumuaga yule mama. Kesho. Nikasema barabara mbovu. Akanikumbusha tulipita juzijuzi na ni lami. Nikataka kusema mayu anaumwa, lakini kumzulia mtu mzima ugonjwa niliogopa, angeweza kuugua kweli. Nikasema sawa.

Zamani, kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, mtu ungepata muda wa kutosha wa kupanga uongo, ukaupangua, ukaupanga tena. Daraja limetunyang'anya hilo. Dakika chache tu maji yalikuwa nyuma yetu na mimi sina la maana kichwani. Mpango wangu ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa kitoto: mgeni akiuliza kuhusu kuku, nitamtafsiria mayu kitu kingine, na mayu akiuliza, nitafanya vivyo hivyo. Nani atajua? Hapo katikati niko peke yangu.

Hatukumkuta mayu peke yake. Alikuwapo binti yake, mwalimu wa sekondari huko Sengerema, amekuja likizo. Nilikuwa nimesikia habari zake tu. Alimpa mgeni mkono na kumsalimia kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko changu, kisha akanigeukia.

"Karibu dada. Mama anakutaja kila siku."

Nilimwamkia mayu, akaniitikia marahaba, akanivutia kigoda, na mimi nikakaa kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Nilijaribu kuziba nafasi kwa maneno. Niliuliza mvua, niliuliza mihogo, niliuliza hali ya goti la mayu. Mgeni alikuwa ameshasimama, anatazama kuku wanaochakura uani, mmoja mmoja, akitabasamu.

"Yule wangu yuko wapi?" akauliza. Hakuniuliza mimi, alimuuliza binti. "Yule mwekundu niliyemrudisha. Nilitaka kumwona tena."

Binti alinitazama mimi. Nadhani alikuwa ananipa nafasi, na mpaka leo namshukuru kwa sekunde zile, ingawa sikuzitumia. Ndipo akamgeukia mama yake, akasema kwa Kisukuma, taratibu, kwamba mgeni anamuulizia yule kuku aliyemrudisha.

Mikono ya mayu ilikuwa kwenye ungo wa mahindi. Ikasimama.

"Alimrudisha kwa nani?"

"Kwangu," nikasema.

"Yuko wapi?"

"Yuko kwangu, mayu. Jikoni."

"Si ulisema kamla?"

"Nilisema."

"Anataga?"

"Anataga."

"Mayai nani anakula?"

Sikuinua macho. "Mimi."

Hakupaza sauti, na ningetoa chochote anipigie kelele kama za kwenye simu. Mgeni alikuwa akituangalia sote kwa zamu, akamwomba binti amweleze. Binti akamweleza yote, nami nikisikia, bila kuniongezea wala kunipunguzia. Uso wa mgeni ukaiva. Akasema hakujua. Akasema aliogopa kumnyang'anya mama huyu chakula. Binti alitafsiri, na mayu aliposikia neno hilo la chakula akaweka ungo chini.

"Kumbe aliniona sina," alisema.

Hapo nilizungumza bila kuulizwa, kwa mara ya kwanza nikimwambia mayu kweli yote tangu siku ya kuku. Nilisema hapana, hakukudharau, alikuwa na karatasi, alidhani anakutunza. Nilisema kosa ni langu kwa sababu nilijua, na sikumwambia. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuona haja ya kuyaficha.

"Ndiyo," mayu akasema. "Yeye hakujua. Wewe ulijua."

Kisha akamwambia binti yake amweleze mgeni hivi: kuku ni wake bado, hakuna aliyemchukua. Kesho ampike, amle. Yeye mayu atapiga simu kuuliza. Baada ya hapo alirudi kwenye mahindi yake. Tulikunywa chai iliyotengwa, mgeni na binti wakazungumza habari za shule, na mayu akacheka walipomtafsiria jambo fulani la wanafunzi watundu. Kwangu hakukuwa na neno. Tulipoondoka alimshika mgeni mikono yote miwili. Mimi nilipomuaga alisema haya, mwende salama, akamtazama dereva.

Kesho yake mgeni alikuja Mkolani. Nilimwita jirani achinje. Mgeni alitaka kunyonyoa mwenyewe. Nilimwagia kuku maji ya moto kwenye beseni, naye akainama akanyonyoa manyoya kwa uangalifu, kama mtu anayefungua barua. Nilipompasua tulikuta ndani mayai machanga, ya njano, makubwa kwa madogo, yameshikana kama zabibu kwenye kikonyo. Yangetoka moja moja, kesho, keshokutwa, wiki ijayo. Mgeni aliyatazama muda mrefu.

"Unaona," alisema polepole. "Nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi," nikamwambia. "Na yeye alijua. Ndiyo maana alikupa huyo."

Sikujali kama ataniandika kwamba nafundisha.

Nilimpika kwa nyanya na vitunguu, na yale mayai machanga humohumo kwenye mchuzi. Nikasonga ugali, na ndizi kidogo pembeni, maana Uhaya hauniachi. Nilimwekea firigisi kwenye sahani yake. Kwetu zamani firigisi haikuwa ya mwanamke, lakini mgeni ni mgeni. Alinawa, akamega tonge vibaya, akachovya, akala. Alikula mpaka mfupa wa shingo. Mara moja alijifuta macho kwa kiganja cha mkono usio na ugali, nami nikajifanya natafuta chumvi.

Simu iliita tukiwa bado mezani. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nilikuwa na maneno yangu yamepangwa: nitamwamkia, nitamwambia kala, kisha nitaomba radhi vizuri, kwa Kisukuma, bila kulia, nimwambie kwamba miaka minne ile si kazi tu kwangu.

"Shikamoo mayu," nikasema. "Amekula."

"Mpe."

Nikampa. Nikasogea karibu kutafsiri, kwa mazoea. Mgeni akaweka simu sikioni, akafumba macho.

"Wabeja, mayu," akasema. "Wabeja sana. Nimekula. Kuku. Tamu."

Kwenye simu mayu akaanza kusema kwa Kisukuma, kwa kelele zake zote, maneno mengi ambayo mgeni hakuweza kuyaelewa hata moja, na mgeni akawa anaitikia kwa lugha yake, anatikisa kichwa, anacheka. Nikafungua mdomo nimwambie mayu anasema nini. Akaninyooshea kiganja kidogo, kwa upole, nisubiri. Nikasubiri. Walicheka pamoja, mmoja huku, mwingine ng'ambo, na mimi nimesimama na kitambaa cha mezani mkononi, nikisikia kila neno la kila upande na hakuna anayelihitaji kutoka kwangu.

Mwishowe mgeni akanirudishia simu, macho yake yanang'aa. Nikaiweka sikioni haraka, nikavuta pumzi, nikaanza kuomba radhi kama nilivyopanga. Nilisema mpaka nusu ndipo nikagundua kwamba mayu alikuwa ameshakata.