Miti Mitatu ya Mpakani

Mwaka wa tatu tangu tuhamie Hallonbergen, pembeni mwa Stockholm, Uswidi, mimi na binti yangu tulipewa kipande cha bustani nyuma ya magorofa, pale msitu unapoanzia. Mchana nilifanya usafi kwenye ofisi za Kista. Jioni za kiangazi, jua likiwa bado juu, nililima lengalenga, mchicha wa kwetu, maharage, na maboga kwa ajili ya majani yake.

Jirani yetu wa bustani alikuwa mzee wa Kiswidi, mstaafu, mtu wa maneno machache. Alinitikisia kichwa tu na kurudi kwenye viazi vyake. Mimi natoka Kivu. Tulipokimbia kwetu, aliyewaonyesha wenye bunduki mlango wetu alikuwa jirani. Kwa hiyo jirani mkimya nilikuwa simwondolei macho.

Mpakani mwa bustani zetu ilisimama miti mitatu mirefu ya aina ambayo Waswidi huiita asp. Gome lake ni la kijivu, na majani yake madogo ya mviringo hutetemeka hata siku ambayo huhisi upepo wowote. Mwezi wa tano nikamkuta mzee na kisu, anabandua gome. Aliondoa mkanda mpana kama kiganja kuzunguka shina zima, mpaka weupe wa ndani ukaonekana. Akahamia mti wa pili, kisha wa tatu.

“Unafanya nini?” nikamwuliza kwa Kiswidi changu cha kuokoteza.

“Lazima ife taratibu. Miaka miwili, mitatu. Ngoja, utaona.”

Nilichobaki nacho kichwani ni “ife” na “utaona.” Kibanda changu cha majembe kilikuwa chini ya miti ile ile.

Jumapili nikamsimulia rafiki yangu wa kanisani, Mkenya. Akaniambia, “Dada, huyo anangoja ikauke ikuangukie, halafu aseme ni upepo. Andika barua kabla hujachelewa.”

Nikaandika. Mwezi wa nane kamati ya bustani ikaita mkutano. Mzee alisimama, akaongea kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia, huku akionyesha chini. Binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, akaninong'oneza, “Mama, anasema mizizi...”

“Nyamaza. Najua anachosema.”

Kamati ikaamua miti ikatwe, kwa usalama. Siku ya kuikata, mwishoni mwa majira ya baridi, theluji ikiwa bado chini, mzee alitazama mikono ikiwa mfukoni, akaondoka kabla mti wa tatu haujaanguka. Mimi nilikwenda kazini nikiwa na furaha ya kushinda.

Mwezi wa sita bustani yangu ikaota vijiti. Vilitokea katikati ya maharage, kwenye njia, hata chini ya kibanda, vyekundu vyekundu, na kila wiki vilirefuka. Majani yake yalikuwa makubwa, laini, yenye umbo la moyo, hayafanani kabisa na ya ile miti iliyokatwa. Nikajua moja kwa moja: mzee anaingia nisipokuwepo, ananipandia miti ya kulipiza kisasi. Nilivikata vyote kwa panga. Baada ya wiki mbili vikarudi, kila kimoja kimeleta wenzake.

Nikalainisha udongo kwa reki kuzunguka vitanda ili nione alama za viatu vyake. Asubuhi nikakuta alama za kwato za paa, na ncha za vijiti zimetafunwa. Hilo halikunituliza. Nilijiambia anatembea juu ya nyasi.

Jumamosi moja nikamkuta kweli, amepiga magoti katikati ya bustani yangu.

“Nimekukamata!” Nilipiga kelele kwa Kiswahili, na binti yangu akaja mbio.

Mzee hakuinuka. Alikuwa amefukua mtaro mfupi, na ndani yake ulilala mzizi mnene kama kidole gumba. Akauvuta kidogo. Kijiti kimoja kikatikisika, kisha kingine mita mbili mbele. Tukaufuata mzizi kwa mikono, sote watatu, mpaka kwenye kisiki. Hapo ndipo nilipomruhusu binti yangu atafsiri.

“Anasema vyote ni mti mmoja, Mama. Ukiukata, mizizi inabaki na chakula chake na inachipua kila mahali. Ukibandua gome, chakula cha majani hakishuki tena, mizizi inachoka polepole. Alisema hivyo hivyo kwenye mkutano.” Akamalizia kwa Kiswidi, bila kunitazama: “Nilijaribu kukuambia.”

Mzee aliomba radhi kwa kuingia bila ruhusa. Mimi sikuomba radhi siku ile. Nilipeleka maharage wiki iliyofuata, nikayaacha mlangoni mwa kibanda chake.

Viangazi vitatu tuling'oa machipukizi kwa mkono, yeye upande wake, mimi wangu. Pembeni kwenye unyevu tuliacha machache, tukayazungushia wavu ili paa wasiyale. Binti yangu alipomaliza shule, yalikuwa yamempita kimo.

Lakini kitu kimoja kiliendelea kunikera: ile miti ilikuwa ya nani? Siku moja nilichukua kamba na ramani ya kamati, nikapima mpaka. Visiki viwili vilikuwa kwake. Cha tatu kilikuwa kwangu kabisa, hatua nzima ndani. Nilikaa na jambo hilo mwaka mzima. Magoti yalipomshinda akaamua kuirudishia kamati bustani yake, nikamwendea akifunga vifaa vyake.

“Mti mmoja ulikuwa wangu,” nikamwambia. “Uliubandua bila kuniuliza.”

Akaendelea kufunga kamba kwenye mpini wa koleo. “Najua,” akasema. “Nilidhani utakataa.”

“Ningekataa.”

Nikamsaidia kubeba koleo na ndoo mpaka kwenye gari.