Mwarobaini Wangu na Mtihani wa Kliniki

Mwarobaini wa nyumbani kwangu Kisian ni mchungu kuliko yote kando ya ziwa, na sitaki ubishi. Watu huvuka barabara ya Busia kuja kuniomba majani. Nikiwaogesha wajukuu kwa maji yake, upele unakauka. Kijiti chake kimenitunzia meno yote, hesabu ukitaka. Majani makavu nayaweka ndani ya gunia la mahindi na wadudu wanahama wenyewe. Naupenda mti huo, na ndiyo maana nilijitia matatani.

Mwaka jana sista wa kliniki ya sukari huko Kisumu mjini alitazama namba zangu, akatikisa kichwa. "Mama, naona vidonge vinashindwa. Ukirudi mwezi ujao namba ikiwa hivi, daktari atakuanzishia sindano."

Sindano! Mimi nimezaa watoto sita, wawili wakitanguliza miguu, na sikulia. Lakini neno hilo lilinitetemesha mpaka nyumbani. Huku kwetu sindano ya sukari ina jina baya: ukianza tu, watu wanaanza kukutembelea kwa makundi na kukuangalia kwa huruma. Nikaapa sianzi.

Basi nikafanya kama mwanafunzi mvivu anayesubiri wiki ya mwisho ndiyo asome. Wiki tatu za kwanza nilimeza vidonge nilipokumbuka, na chai yangu ilikuwa tamu kama kawaida. Wiki ya nne, weee! Vidonge bila kukosa, ugali kiasi cha nusu ngumi, na majani ya mwarobaini nikayatwanga na kuyachemsha mpaka maji yakawa meusi. Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Sista sikumwambia kitu. Angenigombeza, na mimi sipendi kugombezwa na mtu wa umri wa binti yangu.

"Kwani kikombe kimoja hakitoshi?" aliniuliza mke wa shemeji yangu. Mume wake ni mdogo wa mume wangu, kwa hivyo sisi wawili tunaitana nyieka, yaani mke mwenza, na utani hauishi. Nilimwambia achunge sufuria yake.

Jumapili, siku mbili kabla ya kliniki, niliamka nikanywa kikombe changu, nikameza vidonge, nikaenda kanisani bila kula chochote. Kwaya tulikuwa mbele na mavazi yetu meupe. Kwenye ubeti wa pili mikono ikaanza kutetemeka, jasho likanitoka, ulimi ukawa mzito, nikawa natamka maneno ambayo hata mimi siyajui. Halafu nikaanguka.

Nikiwa pale chini nilisikia shangwe. "Roho amemshukia! Mwacheni, Roho yuko kazini!" Wakaimba kwa nguvu zaidi, ngoma ikapigwa, mtu akanipepea kwa kitabu cha nyimbo. Yawa! Mimi nakufa na watu wanacheza. Nilijaribu kuwaambia ni sukari imeshuka, lakini kila nilichotamka waliitikia "Amina."

Nyieka peke yake hakuimba. Alikimbia hadi mezani, akanyakua soda iliyowekewa mhubiri mgeni, akaifungua kwa meno mbele ya kanisa zima. Akaniinua kichwa, akaninywesha kidogo kidogo. Mhubiri alikaa akiitazama soda yake ikiisha. Baada ya muda nikaweza kuketi, nikajua niko wapi, na vigelegele vikaanza upya.

"Roho gani?" nyieka akafoka. "Huyu amejaa mwarobaini!"

Jumanne nikaenda kliniki. Sista alinidunga kidole, akaangalia kimashine chake, akaruka kwa furaha. "Mama! Namba nzuri hivi!" Akanishika mkono akanisimamisha mbele ya benchi la wagonjwa. "Hebu waambie wenzako umefanya nini."

Wote wakanitazama. Mzee mmoja akatoa kalamu. Mama mjamzito aliyekaa mbele akasogea asikie vizuri. Ningesema tu kwamba nimeacha chai tamu, sindano ingeniepuka na makofi ningepigiwa. Lakini ile kalamu ya mzee ilinisumbua. Nilimwona akianguka peke yake nyumbani, hana nyieka wa kumkimbilia. Nikasema yote, na habari ya soda ya mhubiri nikaitia.

Walicheka mpaka sista akafuta machozi. Kisha akauliza nani mwingine anakunywa mwarobaini. Ukainuka mkono mmoja, ikawa mitatu, halafu karibu benchi lote. Hakumgombeza mtu. Alisema majani hayo huenda yanashusha sukari kweli, na hatari ni hapo hapo: ukiyaongeza juu ya vidonge, hakuna ajuaye itashuka mpaka wapi. Kuoga sawa, kijiti cha meno sawa, gunia la mahindi sawa. Kunywa, mje mniambie kwanza. Mtoto mdogo asipewe, na mwenye mimba asiguse kikombe hicho kabisa. Yule mama mjamzito akausukuma mkoba wake chini ya benchi.

Tulipobaki wawili alisema namba ile nzuri ni ya mwarobaini, kwa hivyo habari ya sindano iko palepale, akaniuliza kwa nini naiogopa namna hii. Nikamwambia ilimuua mama yangu.

"Pole sana, Mama. Alidungwa kwa muda gani?"

"Siku mbili."

"Na kabla ya hapo alikuwa anatumia nini?"

Kabla ya hapo, miaka na miaka, alikuwa akinywa majani na kukataa hospitali. Tulimpeleka akiwa hajitambui tena. Mimi ndiye niliyekuwa namchumia hayo majani.

Nikajifuta uso kwa leso, nikamwambia sista amwite huyo daktari na sindano yake, haraka, kabla sijabadilisha nia.