Amina Walizomwitikia Mchungaji Vijayaratnam

Karunamma aling'oa vikonyo vya pilipili kavu ghalani Guntur, kusini mwa India, miaka thelathini, mpaka vidole vyake vikawa haviwashwi tena. Jumapili alifundisha watoto katika kanisa ambalo baba yake aliukanda udongo wake kwa miguu.

Kisha akaja Mchungaji Vijayaratnam. Alijua kuhubiri, hilo simnyimi. Kanisa likafurika mpaka uani. Mwaka wa pili kibao cha "Kanisa la Neema" kikang'olewa, kikawekwa "Huduma ya Vijayaratnam", na picha ya uso wake ikaupita msalaba kwa ukubwa. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, Mungu anihurumie.

Siku moja Salomi, msichana wa kwaya wa miaka kumi na tisa, akamjia Karunamma ghalani akilia. Mchungaji alikuwa akimwita ofisini "kumwombea", anafunga mlango, anamshikashika. Karunamma hakunawa hata mikono. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee wa kanisa, Devasahayam.

"Dada, punguza sauti," mzee akasema. "Usimguse mpakwa mafuta wa Bwana."

"Mimi nimguse? Yeye ndiye anayegusagusa mabinti wa watu!"

"Sasa huyu akiondoka, nani atabaki hapa?"

"Kwani mzee, wewe uliokolewa na nani? Yesu au Vijayaratnam?"

Jumapili iliyofuata mchungaji akiwa madhabahuni alimwita Karunamma Yezebeli, na watu mia tatu wakaitikia amina. Watoto aliowafundisha Zaburi wakamzomea njiani. Mwezi uleule mumewe, Prabhudasu, akafa ghafla, nao wakamnyima nafasi katika makaburi ya kanisa. Tulimzika kando ya mfereji, watu sita tu, mkewe akianzisha nyimbo mwenyewe.

Baada ya mwaka wasichana wengine wawili walikwenda polisi. Vijayaratnam akatorokea Hyderabad. Jumapili ile watu walikaa wakikitazama kiti chake kitupu. Hakuna aliyejua hata aanze kuomba vipi. Wakaacha kuja, mmoja mmoja.

Ndipo Devasahayam akabisha kwa Karunamma na boksi la laddu, vile vitamu vya sherehe. "Dada, shetani alitupitia. Rudi utufundishie watoto."

"Shetani msimsingizie! Amina zilitoka vinywani mwenu. Kamwombe radhi Salomi kwanza, hadharani, kwa sauti ileile mliyonitukania."

Mzee akaziangalia ndala zake, akaondoka. Kwa Salomi hajafika mpaka leo.

Karunamma anafundisha watoto saba barazani kwake. Mtu akisema, "Lakini yule bwana alikuwa na karama," anatema mate.