Tyubu ya Duka

Wenzake kijiweni walimwita Duka, kwa sababu pikipiki yake ilijaa spea: plagi, kipande cha mnyororo, waya wa klachi wa akiba uliofungwa sambamba na ule unaotumika, na tyubu iliyokunjwa ndani ya mfuko wa turubai. Walimcheka weee, kisha wakiharibikiwa njiani wanamngoja yeye huyohuyo. Duka hakuwahi kumpita mtu aliyekwama. Hilo ndilo alilojivunia, maana kwa mali hakuwa na la kujivunia.

Mkewe aliyajua yote hayo. Na bado juzi, mguu wa kitanda ulipolegea, aliichomoa ile tyubu, akaikata vipande na kuufunga. Kamba zilikwisha kumshinda. Mpira wa tyubu ukiukaza umekaza. Alidhani atanunua nyingine kabla mumewe hajasafiri Jumamosi. Kumbe saizi ya pikipiki ile haipatikani ovyo. Kila muuzaji alitikisa kichwa na kumwambia aagize, asubiri.

Leo asubuhi mteja akapiga simu: mzigo wa haraka, tena wa mbali. Duka akaufunga mfuko wake kwenye pikipiki bila kuufungua.

"Baba watoto," mke akaanza.

"Utaniambia nikirudi, mama. Nimechelewa."

Angeweza kusema. Lakini alimjua mumewe kwa ule mfuko, ukiugusa utajuta kuzaliwa, na woga ukamfunga mdomo. Safari moja tu, akajipa moyo.

Kutwa nzima roho ilikuwa juu. Alifua hata nguo zilizokuwa safi. Kila alipopiga simu haikupatikana, akawa anamwona mumewe porini, tairi limelala, hana wa kumsaidia. Majuto ni mjukuu, na kwake mjukuu alifika kabla ya adhuhuri.

Jioni pikipiki ikanguruma mlangoni. Mzima! Alitaka kucheka kwa furaha, kisha akauona uso wake.

Duka aliketi kitandani, helmeti bado kichwani.

"Asubuhi nimemkuta mtu ana pancha, tyubu imechanika vibaya. Anawahi kumzika mama yake. Pikipiki kama yangu, tairi kama langu. Nikamwambia, usijali ndugu yangu, umefika. Nafungua mfuko, hamna kitu."

"Hukuweza kumpakia?"

"Na mzigo ule? Nikamwacha. Wakati wa kurudi namkuta bado anasukuma, mtu mzima, analia. Nikampakia mpaka kwao. Kaburi lilishafukiwa."

Mke akautazama mguu wa kitanda.

"Nimezeeka, mama. Tyubu nimeisahau wapi, hata sikumbuki. Mtu wa kusahau hivi ataua watu. Kesho natafuta mnunuzi wa pikipiki."

Angenyamaza tu, yangekwisha. Siri ingebaki yake, na lawama zingebaki kwa mumewe. Akapiga magoti, akamvua helmeti taratibu.

"Hukusahau, baba," akasema. "Umeikalia."