Onyo Lililochelewa Sekunde Nne

Naikumbuka siku moja, mwanangu, kama jana. Nilikuwa kijana, nimetoka tu kujifunza kutengeneza kurasa za wavuti, na zahanati moja nje ya mji wa Busia ikanipa kazi. Muuguzi akiandika jina la mgonjwa, ukurasa ugeuke mwekundu ikiwa kuna dawa inayomdhuru.

Wekundu ule ulikuja ghafla mno, nikauona wa kishamba. Nikaongeza mstari mmoja wa CSS, ile lugha ya kupamba kurasa, ule wa transition, rangi igeuke taratibu kwa sekunde nne. Ulipendeza kweli. Nilijisifu, nisikufiche.

Alhamisi nikaenda kuutazama ukitumika. Muuguzi, Sista Nekesa, aliandika jina la Mzee Okiru wa Moding, akatupa jicho, akaona weupe, akageuka kuchukua sindano ya penisilini. Nyuma yake skrini ikaanza kuwa ya waridi, kisha nyekundu. Sindano ilikuwa karibu kugusa ngozi ndipo nikapiga kelele, "Sista, wacha!"

Aligeuka, akaona. "Hii rangi ilikuwa inangoja nini?"

"Nilitaka ipendeze."

"Ipendeze nani? Mimi naangalia mara moja tu, mgonjwa yuko hapa." Akaweka sindano chini. "Na hii kitu tumeitumia tangu Jumatatu."

Hapo ndipo hofu iliponishika hasa. Tulipitia majina yote. Mama mmoja wa Kocholia alikuwa amepewa asubuhi hiyo vidonge ambavyo hakupaswa hata kuvigusa, na simu yake ilikuwa imezimwa. Tulipiga, tukapiga tena. Mimi nilikuwa naona jeneza tu. Saa tisa akapokea.

"Vile vidonge? Bado, sista. Nilianza na kupalilia kwanza. Mbona unalia?"

Mwanangu, sikukatazi transition. Kitufe kikiguswa, menyu ikifunguka, ipe robo ya sekunde, mtu aone kilichobadilika. Lakini onyo lisingojeshwe hata kidogo. Lije lote, papo hapo. Na kabla hujakabidhi ukurasa, keti kando ya atakayeutumia, umtazame akiwa katika haraka zake. Mimi nilikuja kuketi siku tatu baadaye.

Mungu akujalie kumwona mtu aliye upande wa pili wa skrini, na kazi ya mikono yako isimpeleke yeyote kaburini.