Zamu ya Yeshimebet ya Kulala na Chombo

"Yeshimebet, si ulituapia kwamba umepona? Sasa hivyo vilivyokuota usoni ni nini?"

Etagegn alimuuliza hivyo bombani, mbele ya watu, ndoo zikisubiri maji. Yeshimebet akavuta shali yake mpaka puani, akasema ni joto tu. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, na sote tulikuwa tumejifunika.

Mimi na Yeshimebet tulipakana ukuta kwa ukuta. Alikuja huku nyuma ya hospitali ya ukoma akitokea Gojam, baada ya wakwe zake kumtoa nyumbani na kuivunja sahani aliyokuwa akilia chakula. Hilo la sahani lilimuuma kuliko kutolewa. Alimeza vidonge vya ukoma mpaka vikaisha, daktari akamwambia ugonjwa umetoka. Akawa anasokota pamba kwa kuuza, vidole vyake vyepesi ajabu, na sisi tukampokea katika chama chetu cha Malaika Gabrieli. Kila mwezi tunakutana kwa mmoja wetu, tunasali, tunakula mkate na kunywa pombe ya nyumbani, kisha mwenye zamu inayofuata anakabidhiwa chombo cha udongo akalale nacho kwake mpaka siku ya kutukaribisha. Aliyelala na chombo ndiye tunayemhesabu mwenzetu kamili. Zamu ya Yeshimebet ilikuwa imekaribia, ya kwanza tangu aje. Alishanunua ngano, akaichagua punje kwa punje.

Ndipo vikaja vile vinundu, vyekundu, vya moto, usoni na mikononi. Kiwiko cha kulia kikawa hakigusiki. Nikamsindikiza hospitali. Sista Wubalem, binti mpole, alimwita Etete kama tunavyomwita dada mkubwa, akamweleza taratibu.

"Wadudu wamekufa, Etete. Kilichobaki ni mizoga yao. Mwilini tuna seli kubwa zinazomeza uchafu, wasomi huziita makrofaji. Zako zimejaa hiyo mizoga, na zinapiga kelele kana kwamba vita havijaisha. Kelele hizo ndizo huu uvimbe."

"Kumbe nimefuga walevi ndani," Yeshimebet akasema, na Sista akacheka.

Alipewa vidonge vya kutuliza uvimbe, ameze kila asubuhi akishakula, na asiache ghafla hata akijisikia mzima. Wakachota pia damu ya uchunguzi. Sista alisema ndani ya seli kuna vipande vidogo mno, RNA ndogo, ambavyo kazi ya baadhi yake ni kuzuia amri fulani zisitekelezwe, ili seli isipitilize kwa hasira. Walitaka kujua kama kwa watu kama yeye vipande hivyo vimepungua au vimezidi, ili siku moja mtu aambiwe mapema kwamba atavimba.

Yeshimebet akauliza yeye atatulizwa lini kwa njia hiyo. Sista akainamisha macho, akasema bado hawajui, labda watakaokuja baada yake.

Vidonge vilimfaa. Vinundu vikanywea, akarudi kwenye pamba yake. Kisha Kwaresima ikaingia. Sisi tunaofunga hatutii kitu kinywani mpaka alasiri, na vidonge vile vilitaka chakula cha asubuhi. Yeshimebet hakumuuliza Sista, wala hakumuuliza padri wake wa maungamo, ambaye angemruhusu kwa neno moja tu, maana mgonjwa hafungi. Aliogopa kupewa ruhusa. Alitaka akipokea chombo awe amefunga kama wenzake wote, asiwe na kasoro ya kusemwa. Akavifunga vidonge kitambaani, akaviweka nyuma ya picha ya Bikira.

Mungu anajua moyo wake. Lakini mwili ulirudi vitani, na safari hii kwa ukali zaidi. Homa ikamlaza. Vinundu vikapasuka vikatoa maji. Siku moja nilimkuta ameketi na kijiti chake cha kusokotea kimeanguka sakafuni, anakitazama. Kidole kidogo na mwenzake vilikuwa vimekunjamana kuelekea kiganjani, havinyooki, na nilipovigusa hakusikia.

Siku ya Gabrieli ilifika angali hivyo. Tulikuwa kwa Etagegn. Yeshimebet alikuja amejifunika gubigubi, akaketi karibu na mlango. Tulipomaliza kula, Gash Mekuria, mkubwa wa chama, alikinyanyua chombo kwa viganja viwili, maana vidole hana, ukoma ulivila tangu ujana wake. Etagegn akasema hana shaka mkate wa Yeshimebet utakuwa mtamu, ila safari hii tumwache apumzike. Mwingine akadakia kwamba atapumzika vizuri zaidi sisi tukikaa mbali. Wakacheka kidogo. Niliwaambia maneno ya Sista, kwamba wadudu wamekufa, haambukizi. Gash Mekuria akanijibu kwa upole kwamba wao waliusikia wimbo huo kabla sijazaliwa. Akampa chombo mwanamke wa zamu iliyofuata baada ya Yeshimebet.

Walioujua ukoma kwa miili yao wenyewe ndio waliouogopa kuliko wote.

Kesho yake Yeshimebet alilazwa. Walimrudishia vidonge, homa ikashuka. Padri alimfuata kitandani, akasikitika sana. Vile vidole viwili vilibaki vimekunjamana. Sista alisema mshipa wa fahamu umekaa motoni muda mrefu mno. Kusokota ndiyo basi.

Baada ya Pasaka akaja tena chamani, uso umekauka, mweusi kwa makovu. Alingoja sala iishe. Akasimama, mkono wa kulia ameuficha ndani ya shali, akamgeukia Etagegn.

"Mkate uoke wewe, na pombe watengeneze wengine. Mimi nipeni chombo tu, kilale kwangu usiku mmoja."