Kumi na Mbili za Mama Pasi

"Umeme siuli mimi, unaliwa na mita," alisema Mama Pasi, mikono kiunoni. "Nimekwenda kulalamika ofisi ya umeme kwa miguu yangu, na fundi huyu hapa. Akikuta mita ni mbovu, unanirudishia pasi yangu."

"Na akikuta nzima?" aliuliza Kondakta.

"Ulale nayo hukohuko."

Kondakta alikuwa ameacha kazi ya basi zamani, lakini kukusanya hakukumtoka mwilini. Wapangaji wote walitumia mita moja, na mchango wa umeme alikusanya yeye. Matumizi yalipopanda, aliinyakua pasi ya huyu mama anayekula kwa kunyoosha nguo za watu, akaificha uvunguni mwa kitanda chake. Sasa nguo za wateja zilikuwa zimerundikana hadi dirishani, na wenyewe walishaanza kuja na sura za msibani.

Fundi akaamuru kila kitu kizimwe. Mama mwenye nyumba alizima friji huku ameshika kifua, utadhani anamzika mtu. Fundi akamalizia na swichi kuu. Kisahani ndani ya mita kikaendelea kuzunguka, hakina habari.

"Labda pasi imejichomeka huko uvunguni," alisema Mama Pasi.

Fundi alisoma namba ya mwisho, akamwonyesha Kondakta awe shahidi, akaing'oa mita na kufunga mpya. Kondakta akavaa miwani, akainama.

"Uniti kumi na mbili! Mita ya sasa hivi, ameshatumia kumi na mbili!"

Macho yote kwa Mama Pasi.

"Nimetumia kwa kuchomeka nini, kucha?"

Fundi alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. "Mzee, huwa tunaijaribu karakanani kabla ya kuileta. Nyinyi mnaanzia hapo."

"Na hizo kumi na mbili analipa nani?"

"Abiria akipandia njiani, unamtoza kuanzia lilikotoka basi?"

Kondakta akavua miwani. Enzi zake alikuwa akitoza.

Fundi akawasha swichi kuu, na mama mwenye nyumba akakimbilia friji yake. Kondakta aliingia ndani, akarudi na pasi, waya umeviringwa vizuri kama zawadi. "Haya, chukua."

"Hiyo ni pasi. Bado unadaiwa."

Akatazama ndala zake. "Samahani, dada."

"Mama mwenye nyumba hakusikia, friji yake inanguruma."

Akarudia, safari hii kwa sauti ya kuitia abiria, mpaka wapita njia wakageuka.

"Basi, yameisha," alisema Mama Pasi, akivuta shati la juu kabisa kwenye rundo. "Sogea, umeniziba soketi."